Kutoka Njia Panda ya Makambako Hadi kwa Gorila

Somo la redio kwa watu wazima, limechapwa kama lilivyosemwa

Kama kikundi chenu kina ramani ya Afrika ya Mashariki, itandazeni mezani kabla hatujaanza, kwa maana leo tutakwenda mbali, kisha tutarudi nyumbani.

Somo letu ni juu ya wageni waendeshao magari yao wenyewe. Mmekwisha kuwaona. Gari limejaa vumbi, nyuma pana madebe ya mafuta na maji, juu ya paa limekunjwa hema, na namba zake si za hapa: za Afrika ya Kusini, za Namibia, za Zambia, hata za Ujerumani na Uholanzi. Limesimama penye kituo cha mafuta pale njia panda ya Makambako, na mwenyewe ametandaza ramani juu ya boneti, au siku hizi anatazama simu. Mara nyingi ni mtu na mkewe, pengine na watoto. Hawana dereva, hawana kiongozi. Vijana wauzao mahindi ya kuchoma huwazunguka, na kila mmoja hujiuliza moyoni: watu hawa wanatoka wapi, wanakwenda wapi, na wanatafuta nini hata wajitese hivi?

Naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Siku moja, pale pale njia panda, bibi mmoja mgeni mwenye mvi aliniamkia, "Shikamoo, mzee." Nadhani aliamkia kwa adabu ya kitabuni, kwa sababu mvi zake zilizidi zangu. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kujifunza: "Huku Njombe kuna nini cha kuona?" Nami, bila kufikiri, nikamjibu: "Huku hakuna kitu, mama. Ni baridi tu na viazi. Endeleeni Iringa." Alishukuru sana. Mumewe akaniambia kwamba wanakwenda Uganda kuwaona gorila, na kwamba tarehe ya kibali chao bado, wana siku nne hawajui wazitumie wapi. Wakawasha gari, wakaenda.

Usiku ule nilipolala ndipo nilipoona nilichofanya. Watu wametoka ncha ya Afrika, wametoa fedha nyingi ili wamtazame mnyama wa msituni kwa saa moja; nami nimewapitisha karibu na msitu wetu wenyewe, wenye mnyama ambaye wataalamu wa dunia hawakumjua kabla ya mwaka 2003, nikawaambia hakuna kitu. Somo hili limetoka katika jibu lile.

Barabara hii, kwanza, imezoea wasafiri. Tangu zamani za Waingereza iliitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, na wako watu walioota kwamba siku moja gari litatoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo. Mwaka 1924 Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella waliondoka Cape Town pamoja na wenzao kwa magari mawili aina ya Crossley. Walivuka Tanganyika, wakafika Kairo Januari 1926, baada ya miezi kumi na sita. Halafu, Wazungu wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalipita hapa kwa malori, barabara ingali ya udongo, na madereva wa siku zile waliiita Njia ya Jehanamu. Lami ilikuja na barabara ya TANZAM. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ikaipa Makambako stesheni. Na katika miaka ya 1980 lami ikateremka kwenda Njombe na Songea. Basi Makambako imekuwa mlango. Shida ya mlango ni kwamba watu hupita.

Sasa tumfuate mgeni wetu. Akitoka Zambia huingia Tunduma, na hapo hupata somo lake la kwanza. Malori yamepanga foleni ndefu, naye hajui kama gari dogo lisilo la biashara halina haja ya kungoja nyuma yao. Hajui pia dirisha la uhamiaji ni lipi, la kibali cha gari ni lipi, na bima hununuliwa wapi. Vishoka humjia wengi kwa pamoja, kila mmoja akimshika begi. Wageni waliozoea husema dawa ni moja: shuka na karatasi zako zote mkononi, tabasamu, sema "ahsante, naweza," kisha muulize mtu aliyevaa sare. Asiyejua hayo hutoka Tunduma amechoka na fedha zimepungua, na hasira hiyo huja nayo mpaka kwetu.

Somo la pili ni la mwendo. Kutoka Tunduma mpaka Makambako ni kadiri ya kilomita 280. Kwao angepiga hesabu ya saa tatu. Hapa kuna malori yapandayo mlima kama kobe, kuna matuta, kuna vijiji vinavyofuatana, na katika kila kijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Kibao cha kuanzia kipo. Kibao cha kumalizia pengine kimegongwa na lori, pengine kimefunikwa na majani. Mgeni anadhani kijiji kimekwisha, anakanyaga mafuta, na mbele yake askari wa usalama barabarani amesimama na tochi yake. Tochi hii, kwa msikilizaji asiyejua, si ya kumulika, ni chombo cha kupimia mwendo. Baadhi ya wageni hukasirika. Nami huwaambia, watoto wetu wanavuka barabara hiyo kwenda shule. Aliyekosa akubali, alipe kwa namba ya malipo ya serikali, apewe stakabadhi, aende salama.

Lakini kuna mambo mengine ya barabara yasiyoandikwa popote, na haya tunaweza kumfundisha mgeni. Akiona matawi mabichi yametupwa barabarani, ajue mbele lori limeharibika. Dereva wa lori lililo mbele yake akiwasha taa ya kulia na kuiacha ikipepesa, hiyo si kusema kwamba anakata kulia, anasema, "Usinipite, kuna gari linakuja." Akiwasha ya kushoto, njia ni wazi, ingawa mwenye busara hutazama kwa macho yake mwenyewe hata hivyo. Na jua likishatua, aache. Ng'ombe hawana taa, baiskeli hazina taa, na malori mengine nayo hayana. Ukungu wa Njombe ukishuka jioni, hata sisi wenyeji hutafuta njia kwa kumbukumbu.

Ukiwasikiliza wageni hawa wanaposimulia safari zao, utastaajabu kwamba sehemu kubwa ya hadithi si ya wanyama. Ni ya tairi lililopata pancha karibu na kijiji wasichokijua jina, na fundi aliyelitoa kwenye ringi kwa vyuma viwili na nguvu za miguu, akaziba, akadai fedha kidogo hata wakaona haya. Ni ya mama aliyewauzia sado ya viazi, kisha akaongeza viwili vya juu kama desturi yetu ilivyo, nao hawakuelewa kwa nini. Na ni ya yule aliyewatajia bei mara tatu, wakalipa, na kesho yake wakajua. Msidhani hawajui. Huandika, huambiana, na wanaokuja nyuma yao hufika wamekwisha kuonywa wasisimame mahali fulani.

Basi, tazameni ramani. Anayekwenda kwa gorila kutoka Makambako hushika Iringa, akateremka Mtera, akapita Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, mpaka Lusahunga. Ni zaidi ya kilomita elfu moja, siku tatu za mtu asiye na haraka. Pale Lusahunga njia zinagawanyika. Moja yaenda Rusumo na kuingia Rwanda. Nyingine yapanda Biharamulo na Bukoba, ikavuka Mutukula na kuingia Uganda, kisha Masaka, Mbarara na Kabale.

Aendaye Rusumo huvuka daraja la mto Kagera na, akifika ng'ambo, hubadili upande. Sisi na Waganda twaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Sasa yule bwana mwenye usukani wa kulia ameketi ukingoni mwa barabara, na akitaka kulipita lori hawezi kuona mbele. Mkewe, aliyeketi kushoto, ndiye macho yake. "Nenda," asema mke. "Una hakika?" auliza mume. Naam, ndoa nyingi zimepimwa katika milima ya Rwanda.

Huko Uganda mtihani ni mwingine. Msitu wa Bwindi una milango minne ya kuwaendea gorila: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Kibali huandikwa mlango mmoja tu. Katika ramani milango hii yaonekana imekaribiana kama nyumba za kijiji kimoja, lakini kati yao kuna mabonde na njia za udongo, na mvua ikinyesha gari huteleza kama mtu juu ya ganda la ndizi. Wako waliopanga kulala mlango mmoja na kibali chao ni cha mlango mwingine, wakaamka usiku wa manane, na hata hivyo wakachelewa. Watu hukusanyika asubuhi, kabla ya saa mbili. Anayechelewa hangojwi, na gorila hawamngoji.

Hapa nisimame kidogo juu ya jina. Kwa Kiswahili tunasema sokwe, na wengi wetu humwita sokwe kila mnyama mkubwa wa jamii hii. Lakini sokwe wetu wa Gombe na Mahale, huko Kigoma, ni mdogo, hupanda miti na kupiga kelele nyingi. Gorila ni mwingine. Dume lake likikomaa huota mvi mgongoni, na uzito wake waweza kufika kilo 180 au zaidi, mara mbili na nusu ya uzito wa mwanamume. Tanzania hatunaye. Gorila wa milimani wako mahali pawili tu duniani: katika milima ya volkeno ya Virunga, ambako Rwanda, Uganda na Kongo hukutana, na katika msitu wa Bwindi na ule unaopakana nao. Wanyarwanda humwita ingagi tangu zamani. Ulaya ilimjua mwaka 1902 tu, afisa wa Kijerumani, Kapteni Robert von Beringe, alipowapiga risasi wawili mlimani Sabinyo. Jina lake ndilo lililobandikwa mnyama katika vitabu vya elimu. Likumbukeni jambo hilo la majina, tutalirudia.

Safari yenyewe huwa hivi. Asubuhi wageni hugawanywa, watu wanane kwa kila jamii ya gorila, wala hawazidi. Mwenye mafua au kikohozi hubaki, hata kama ametoka Marekani. Mtoto wa chini ya miaka 15 hapelekwi. Kwa hiyo wenye watoto hupokezana, leo baba, kesho mama. Wafuatiliaji wametangulia tangu alfajiri. Huenda mahali gorila walipoonekana jana, huviona viota walivyolalia, kwa maana gorila hutengeneza kitanda kipya kila usiku, na kutoka hapo hufuata nyayo na majani yaliyovunjwa. Wageni huja nyuma na kiongozi wao. Vijana wa kijiji huajiriwa kubeba mifuko na kuwashika mkono penye matope. Mgeni asiyetaka mchukuzi asubuhi, akidhani ni fedha za bure, adhuhuri hutamani angekuwa nao wawili.

Pengine ni nusu saa, pengine ni saa sita za kupanda na kushuka. Upupu na viwavi huchoma, siafu huingia katika suruali, pumzi hukatika. Kisha kiongozi huinua mkono. Fimbo huwekwa chini. Na pale, mbele ya macho, katika majani, ameketi mtu mweusi mkubwa anakula. Nimesema mtu, kwa sababu ndivyo wageni wengi wanavyosema: ule mkono, zile kucha, jinsi mama anavyomvuta mtoto wake mtundu kwa mguu. Chakula chao ni majani, mashina na machipukizi ya mianzi. Mianzi, ndugu zangu! Sisi twaigema ulanzi, wao wanaila. Huyo mwenye mgongo wa mvi akikasirika hupiga kifua kwa viganja, sauti ikasikika mbali, pengine hukimbilia watu. Amri ni kuinama na kutazama chini. Usikimbie. Zamani mgeni alikaa mita 7 mbali naye. Siku hizi ni mita 10, na tangu ugonjwa wa UVIKO wa mwaka 2020 huvaa barakoa pia. Saa moja ikitimia, kiongozi husema basi. Hakuna nyongeza, wala kwa fedha.

Na fedha ni nyingi. Rwanda tangu mwaka 2017 humtoza mgeni dola 1,500 kwa saa hiyo moja. Uganda, tangu Julai 2024, dola 800. Kwa dola 800 hapa Njombe mtu hupata ng'ombe mzuri wa maziwa. Raia wa nchi za Afrika ya Mashariki hulipa kidogo kuliko hao, kwa hiyo msidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu pekee.

Kwa nini ghali hivyo? Jibu la haraka ni kwamba wako wanaolipa. Lakini liko jibu jingine. Gorila hupata maradhi yetu. Mwaka 1996 daktari wa mifugo wa Uganda, Gladys Kalema-Zikusoka, aliwakuta gorila wa Bwindi wakinyonyoka nywele. Ulikuwa upele, na mtoto wa gorila akafa. Upele huo ulitoka kwa watu. Ilidhaniwa kwamba ulitoka katika nguo chakavu zilizovikwa sanamu za kutishia wanyama mashambani. Gorila hutoka msituni kuja migombani, huzishika, na ugonjwa umehama. Yule daktari alitambua kwamba huwezi kumtibu gorila ukamwacha jirani yake anajikuna. Mwaka 2003 yeye na wenzake walianzisha chama kinachoshughulikia afya ya wanakijiji na ya gorila kwa pamoja. Kwa hiyo wageni lazima wawe wachache. Na wachache wakitakiwa kuulinda msitu wote, bei hupanda.

Swali lililo zito zaidi ni hili: fedha hizo huenda kwa nani? Rwanda ilianza mwaka 2005 kutenga sehemu 5 katika kila 100 ya mapato ya hifadhi zake kwa vijiji vya jirani, na mwaka 2017 ikafanya sehemu 10. Uganda hutoa sehemu 20 katika 100 za kiingilio cha hifadhi, na dola 10 katika kila kibali cha gorila. Shule zimejengwa, mabomba ya maji, kuta za mawe za kuzuia nyati. Idadi ya wanyama nayo imepanda: mwaka 1981 katika Virunga walihesabiwa 254, hesabu ya 2015 na 2016 ikapata 604, na Bwindi mwaka 2018 wakapatikana 459. Ni wanyama wachache walio hatarini ambao idadi yao imeongezeka hivyo.

Lakini nisiwapakie asali midomoni. Bwindi ilipofanywa hifadhi mwaka 1991, Batwa wa msitu ule walitolewa nje bila ardhi. Walikuwa wakiishi na gorila kabla mtu yeyote hajauza kibali. Leo wengine huwachezea wageni ngoma na kuwaonyesha jinsi babu zao walivyowasha moto. Mimi sioni kwamba deni hilo limelipwa. Tena mwaka 2020, wageni walipokatika kwa sababu ya ugonjwa, njaa iliingia vijijini, na mwezi Juni dume maarufu aliyeitwa Rafiki aliuawa kwa mkuki Bwindi. Mwindaji alisema alikuwa akitafuta nguruwe mwitu, gorila akamkimbilia. Alifungwa miaka 11. Kijiji kinachotegemea mgeni peke yake ni kama nyumba yenye nguzo moja.

Na vita havisahauliki. Machi 1999 watu wenye silaha waliingia Buhoma wakawaua wageni wanane. Mwaka 2018 hifadhi ya Virunga upande wa Kongo ilifungwa kwa miezi mingi baada ya askari wa hifadhi kuuawa na wageni wawili kutekwa. Mwenye gari lake hana mtu wa kumwambia geuka, isipokuwa watu wa barabarani.

Haya, turudi nyumbani. Wekeni kidole Makambako, mteremke Njombe, mgeuke magharibi mpaka Makete. Juu pale ni uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilomita za mraba zipatazo 413, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya joto iliyowekwa hasa kwa ajili ya maua. Kuna aina 350 za mimea, na kati yake okidi za ardhini ni aina 45. Mvua zikianza Novemba uwanda hufunikwa rangi mpaka Aprili. Mbayuwayu wa buluu, ndege aliye adimu duniani, huja kutaga huko.

Na katika misitu ya ukingoni mwake, na ya mlima Rungwe, yuko kipunji. Wanyakyusa walikuwa na jina lake. Watafiti walisikia habari zake kwa wenyeji, wakamwona Rungwe mwaka 2003, na kundi jingine la watafiti likamwona katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, mwaka uliofuata. Mwaka 2005 alitangazwa, na mwaka 2006 ikaonekana kwamba hafanani na tumbili yeyote, akapewa ukoo wake mwenyewe, Rungwecebus. Ukoo mpya wa tumbili haukuwa umepatikana Afrika tangu 1923. Ana manyoya marefu ya kahawia, kishungi kilichosimama kichwani, mkia wenye ncha nyeupe, na mlio wake ni kama honi ya gari kukuu. Safari hii jina halikuwa la kapteni. Ni letu.

Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilisema kipunji hawafiki 1,200 duniani kote. Ya mwaka 2020 ilikuta wamekaribia 2,000, kwa sababu misitu imelindwa vizuri zaidi. Ni wachache bado. Anapokuja kula mahindi, mbwa na mitego humngoja.

Maua nayo yana adui. Mnajua chikanda. Viazi vya okidi huchimbwa, husagwa, huchanganywa na karanga, na ndugu zetu wa Zambia hukipenda sana chakula hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiriwa kwamba viazi kufika milioni 4 kwa mwaka vilivuka mpaka. Kila kiazi ni ua moja lisiloota tena. Mimi simwiti mchimbaji mwizi. Ana ada ya shule kama mimi. Lakini amechimba Makete, mwenye duka ng'ambo ndiye amepata faida, na mwakani atakwenda mbali zaidi kukitafuta kingine. Ua lililosimama laweza kutazamwa na wageni mia, nalo mwakani likachanua tena. Tatizo ni kwamba wageni mia hao hawajafika. Wamepita Makambako, wakauliza, nasi tukawaambia hakuna kitu.

Kwa hiyo, ukiulizwa pale njia panda, jibu la kweli ni hili. Kitulo kuna njia mbili. Ya kwanza, kupitia Njombe na Makete, ndefu na nzuri, na sehemu kubwa ina lami. Ya pili, endelea na barabara ya Mbeya mpaka Chimala, kisha upande Matamba kwa kona zile 57, ambazo watu huziita hivyo hivyo, Hamsini na Saba. Gari liwe na breki nzima na dereva asiwe na kizunguzungu. Makao ya hifadhi yako Matamba. Kiingilio hulipwa hapo, si kwa mtu wa njiani. Achukue blanketi, maana Juni na Julai barafu nyembamba huonekana alfajiri. Asiye na siku ya kutosha, maporomoko ya mto Ruhuji yako karibu na mji wa Njombe penyewe.

Wala usimwahidi kipunji. Huyu si gorila aliyezoezwa watu kwa miaka mingi mpaka akakubali kutazamwa. Ni mwoga, yuko juu mitini, na mtu aweza kukaa siku tatu asisikie ila ile honi. Mwambie mgeni hivyo mapema. Atakayekuja akijua hivyo, akamsikia tu, atarudi kwao na hadithi. Atakayekuja kwa ahadi ya uongo atarudi na hasira. Na yule bibi wa mvi, akipita tena, mwambieni kwamba mzee wa njia panda amebadili jibu lake.

Sasa kazi ya kikundi. Zimeni redio mnapomaliza kunisikiliza, mzungumze kwa nusu saa kabla ya kutawanyika. Mgeni akifika kijijini kwenu kesho na siku mbili za akiba, mtampeleka wapi, naye atalala wapi? Nani atapokea fedha, nani ataandika, na nani atasomewa hesabu? Ikiwa kipunji ameingia shambani kwa mmoja wenu akala mahindi, je, mwenye shamba apewe nini, na kutoka mfuko gani? Swali hilo la mwisho msilipite upesi; huko Uganda na Rwanda wamehangaika nalo miaka mingi. Katibu aandike majibu, hata yale yanayopingana, ayalete kwa mwalimu wa kituo kabla ya somo lijalo.